Sentimita Tano na Milimita Nne

Buguruni, Dar es Salaam
9 Januari 2024

Dada Candida,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Kaa chini kwanza, maana Bongo yote hii, kuanzia Feri hadi huku kwetu Buguruni, hakuna mtu mwenye bahati kama mdogo wako Polycarp. Na wewe Mama Mkuu, kwa kuwa najua utaisoma barua hii kabla ya mwenyewe, shikamoo pia. Kurasa za mwanzo ni salama.

Nyumbani Rombo nilikwenda Krismasi. Mama hajambo, analalamika mgongo lakini ukimwambia akae anakufukuza jikoni. Ng'ombe kazaa dume. Goodluck wa mdogo wetu Benedict amepata komunyo ya kwanza, akaitafuna hostia kama muhogo. Nikamwambia, taratibu wewe, shangazi yako ndiye aliyeioka.

Sasa bahati yangu. Nimeacha kucheza, Dada. Nimeacha nikiwa juu, kwa hiari yangu, kama wakubwa wanavyoacha. Miaka kumi na minne ya mpira wa kikapu wa viti mwendo, inatosha. Nilikuwa zangu dukani kwa Mangi Rogath, Kariakoo, nanyoosha spoku za baiskeli, nikaona wanaingia kwa msururu, viti sita, mtaa umesimama, wamachinga wanasogeza meza zao wapite. Mbele yuko Zamda, kepteni wetu, yule niliyekuambia ana ulimi kama wembe. Akasema, "Poli, hatuondoki hapa mpaka ukubali kuwa kocha wetu." Nikasema nitafikiria. Wakanipigia magoti. Na unaijua timu yetu, magoti yanayokunjika ni ya kuhesabu! Nikawahurumia, nikakubali. Sasa mimi ni Kocha Polycarp. Mimi niliyekimbia hesabu kidato cha pili, leo nachora mishale ubaoni.

Kuna kakitu kadogo tu. Klabu inataka kila mtu awe na karatasi inayoonyesha ulemavu wake ulianzaje. Kadi yangu ya kliniki Mama anasema ililiwa na mchwa. Wewe ulikuwa na miaka kumi nilipougua polio, unakumbuka vizuri. Niandikie ukurasa mmoja, na Mama Mkuu agonge muhuri wa monasteri. Muhuri wa watawa hata polisi hawaubishii. Ila usichelewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kocha Polycarp

*

Monasterini, Lushoto
2 Februari 2024

Mdogo wangu Polycarp,

Milele amina. Marahaba. Mama Mkuu naye amepokea shikamoo yako, na anasema kurasa za mwanzo hazikuwa salama kama ulivyodai. Alicheka kwenye yale magoti, kisha akaniomba nisimwambie mtu.

Sisi wazima. Baridi ni kali na Sista Matilda anakohoa, nami nimeachiwa tanuri la hostia peke yangu. Parokia zote zinataka nyingi kabla ya Kwaresima. Mwambie Goodluck asitafune.

Nimefurahi kwamba wenzako wanakupenda. Wewe ni mtu wa kupendwa hata unapochosha.

Kuhusu ile karatasi. Nilikuwa mtoto, sikumbuki vizuri kama unavyodhani. Muhuri nao si wangu. Lakini nikuulize, Poli: kocha anahitaji filimbi. Karatasi ya mguu ni ya nini?

Tarehe 14 tunaanza Kwaresima. Sheria yetu unaijua, hatuandiki barua wala hatufungui hadi Pasaka. Zitakazokuja zitakaa kwenye kapu ofisini kwa Mama Mkuu. Nawe funga. Kama huna kitu cha kuacha, acha kutia chumvi.

Nakuombea kila alfajiri, wewe wa kwanza kabla ya wengine. Tangu zamani.

Dada yako,
Sista Candida

*

Buguruni
19 Februari 2024

Dada,

Shikamoo. Najua barua hii itakaa kapuni hadi Pasaka. Nimejaribu kusubiri nimeshindwa. Habari za nyumbani ni nzuri, basi, tusizungushane.

Ile karatasi si ya faili. Mwezi wa Desemba walikuja wapimaji, daktari mmoja wa nje na mama mmoja mwenye futi ya kushonea. Kwenye mchezo wetu kila mchezaji hupewa pointi kulingana na mwili wake unavyofanya kazi. Zamda, ambaye hata kiuno hakimsikii, ana pointi moja. Mimi nilikuwa na nne na nusu, za juu kabisa. Watano wakiwa uwanjani, jumla isizidi kumi na nne. Kwa kuwa Juni kuna mashindano Nairobi, ilibidi kila mtu apimwe upya.

Wakanilaza kwenye meza ndani ya darasa. Daktari akashika mguu wangu mbovu akasema, "Sukuma." Sasa Dada, unanijua. Nani aniambie sukuma halafu nisukume kama mgonjwa? Nikasukuma kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Daktari akarudi nyuma hadi ubaoni, suruali ikajaa chaki. Isidori, mwenyekiti wetu, alikuwa anachungulia dirishani, ananipungia mkono, taratibu, taratibu! Mimi nikadhani ananishangilia. Nikasukuma tena.

Kisha futi. Mguu mfupi unatakiwa upungue sentimita sita au zaidi. Wangu umepungua tano na milimita nne.

Daktari akaniuliza nani aliniambia nina polio. Nikacheka. Nikamwambia, muulize yeyote kijijini kwetu. Akanionyesha picha ya eksirei. Mfupa umepinda katikati kama muwa. Akasema, "Hii si polio. Misuli yako mizima. Huu mguu ulivunjika ukiwa mtoto mdogo, na aliyeuunga hakuwa daktari."

Dada, nina miaka thelathini na tisa. Shuleni niliitwa kiwete. Kariakoo mteja akitaka spoku nzuri anaambiwa nenda kwa yule fundi kiwete. Nimegombana na jina hilo, nimelizoea, mwisho nimelipenda, limenipeleka Kampala na Kigali kwa ndege. Leo mtu na futi ananiambia mimi mzima! Nilitoka nje nachechemea, maana mguu haukuwa umesikia matokeo.

Wamenipa hadi tarehe 30 Aprili kukata rufaa. Nikileta uthibitisho wa polio watanipima upya misuli. Bila hiyo, sitakaa tena kwenye kiti cha mchezo. Ukocha wangu upo palepale, usiogope, vijana wananitegemea. Lakini kucheza, Dada. Mimi nje ya kile kiti ni fundi spoku tu.

Nilimpigia Mama. Nikamuuliza, "Mama, mimi niliugua polio kweli?" Akanyamaza. Mama! Mama ambaye akipiga kuulizia chumvi anamaliza vocha nzima. Kisha akasema, "Ng'ombe amekanyaga ndoo," akakata.

Mama Mkuu, kama kuna mlango kwenye sheria yenu, hata dirisha dogo la choo, nakuomba.

Polycarp

*

Kariakoo, dukani
11 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Hii ni fupi, Mangi Rogath ananitazama kwa jicho baya.

Jana nilikwenda uwanjani. Zamda aliponiona akapaza sauti, "Jamani, mzima mwenzetu wa zamani huyo! Viti vya wageni viko kule kwenye kivuli." Watu wakacheka. Nami nikacheka, utani wa kawaida wa kocha na wachezaji wake. Kisha Allen, yule kijana wa Temeke aliyekatwa mguu juu ya goti, akaniambia bila kucheka, "Kaka Poli, miaka mitatu nimekaa benchi kwa sababu nafasi ilikuwa yako. Ungekuwa hujui ningeelewa. Ulikuwa hujui kweli?"

Nikamwambia sikujua. Akanitazama mguu, akaondoka.

Unaona? Hata wewe ungefikiri najua. Mwili ni wangu, miaka yote nauvalisha kiatu cha soli nene, nawezaje kutojua? Nimemuuliza Benedict. Anasema alikuwa bado hajazaliwa, nikuulize wewe. Nimemuuliza Mama tena. Safari hii hakusingizia ng'ombe. Alisema, "Waache wafu wapumzike."

Nani amekufa kwetu zaidi ya Baba?

Pasaka iko mbali namna hii kila mwaka?

Poli

*

Monasterini
2 Aprili 2024, Jumanne ya Pasaka

Mdogo wangu,

Amefufuka. Marahaba kwa barua zako zote mbili. Mama Mkuu alinikabidhi Jumapili baada ya misa, zote kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanishika bega. Sista Matilda amepona. Habari nyingine sina.

Nimeanza barua hii mara nne.

Hukuugua polio.

Baba alikuwa wa kwanza kitongojini kwetu kuwa na pikapu. Aliitumia kubebea ndizi za watu kwenda sokoni, mjini Mkuu. Uani palikuwa padogo, hakuweza kugeuza, kwa hiyo kila asubuhi alirudi kinyumenyume hadi barabarani. Mimi nilikuwa na kazi. Nilisimama nyuma ya gari na kupiga bodi kwa kiganja, mara moja asimame, mara mbili aende. Niliipenda kazi ile kuliko shule. Wasichana wenzangu walinionea wivu.

Siku hiyo nilikuwa natazama gauni la komunyo la jirani yetu Jovitha, limeanikwa uani kwao, lina mikono ya bufu, iliyofura mabegani. Nilipiga bodi mara mbili. Sikuwa nimeangalia.

Ulikuwa umekaa nyuma ya gurudumu unachezea kokoto. Ulikuwa na miaka mitatu.

Hospitali wangetaka PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia. Mama alisema, tukienda polisi watamfunga Baba, au watauliza nani alikuwa nyuma ya gari. Ukapelekwa kwa mzee mmoja wa kule Mengwe aliyezoea kuunga miguu ya mbuzi. Alikufunga vijiti. Ulilia siku sita, ya saba ukaomba maziwa, na Mama akasema umepona. Polio ilikuja baadaye. Jirani aliuliza mtoto ana nini, naye Mama akajibu neno la kwanza lililomjia mdomoni. Kesho yake kitongoji kizima kilikuwa kinakuonea huruma, na hapakuwa na njia ya kulirudisha. Mama aliniapisha kwa rozari yake.

Baba aliuza pikapu mwezi uleule. Unakumbuka mwaka wa matone ya polio, ulipokuwa na miaka kumi na miwili, alivyozunguka na manesi nyumba kwa nyumba, anakuvua soksi mbele ya wazazi wa watu, anawaambia, "Tazameni, msichelewe kama mimi"? Machozi yalimtoka kila nyumba. Wewe ulidhani anakuonea haya. Mimi nilitembea nyuma yenu nimebeba boksi la barafu la chanjo.

Hakuwahi kuniuliza kama niliangalia, Polycarp. Amekufa bila kuniuliza.

Nilitaka kukuambia siku ya nadhiri zangu, ulipokuja na suti ya kuazima. Ulikuwa unajisifu kwa masista kwamba polio ndiyo iliyokupandisha ndege.

Nimeweka humu karatasi ya pili, yenye muhuri. Imeandika nilichokiona na nilichokifanya, kwa jina langu. Kwenye rufaa haitakusaidia, itakuharibia kabisa. Lakini ni yako, uitumie unavyotaka. Mama Mkuu amesoma zote. Mara zote hunisahihisha herufi. Safari hii amerudisha bila kugusa.

Sikuombi kitu.

Candida

*

Buguruni
28 Aprili 2024

Dada Candida,

Shikamoo. Na Mama Mkuu, shikamoo.

Mvua hapa ni balaa, Jangwani hakupitiki, maji yamemeza barabara, na chumba changu kinavuja sehemu tatu. Mama hajambo. Yule ndama wa kiume wameshamuuza.

Barua yako imekaa mfukoni kwangu siku kumi na nane. Nimeisoma dukani, nimeisoma msalani, nimeisoma foleni ya maji. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshika gurudumu la mteja, nikalinyoosha hadi likapinda upande wa pili. Mangi Rogath akauliza, "Umefiwa?" Nikamwambia sijui. Siku nne sikula vizuri, mimi, ambaye msibani huwa naulizia sahani ya pili.

Nilikuwa na hasira na wewe. Nisikudanganye. Nilihesabu: miaka thelathini na sita watu wanne ndani ya nyumba moja wananitazama natembea, na watatu wanajua. Halafu juzi nikiwa Kariakoo, lori linarudi nyuma kushusha mzigo wa vitambaa, nyuma yake kuna kabinti kanapiga bodi, kafupi, sketi ya shule, kanajiona waziri. Nikasimama pale mvuani nikikatazama. Dada, ulikuwa mdogo namna ile? Mimi kwenye kichwa changu umekuwa mtu mzima siku zote. Kabinti kale hata kamasi kalikuwa hakajafuta.

Hivyo basi. Yameisha kwangu. Usinijibu kwa machozi, Mama Mkuu atapata kazi ya kukausha karatasi.

Baba ndiye anayenisumbua. Namwona ananivua soksi. Watoto wa Rombo wangapi walikunywa matone kwa sababu ya pikapu yake? Kuna jamaa wazima huko wanacheza mpira wa miguu, wanaoa, wanaringa, na chanjo yao inatokana na uongo wa nyumbani kwetu. Nikianza kucheka nalia, nikianza kulia nacheka. Na yule mzee wa mbuzi wa Mengwe! Angekosea milimita sita zaidi, Juni ningekuwa Nairobi.

Mama sitamwambia kwamba najua. Desemba nitakwenda, nitakaa naye jikoni. Akitaka kusema atasema. Akileta ng'ombe, tutaongea ng'ombe.

Rufaa sikukata. Karatasi yako nilimpelekea Allen. Nilimpa aisome mwenyewe, mimi nimesimama mlangoni kwake kama mdaiwa. Anasoma polepole, kidole chini ya mstari. Alipomaliza akasema, "Kwa hiyo hukujua." Nikasema sikujua. Akasema, "Aisee." Akanipa chai.

Jana Jumamosi mvua ilikatika, nikaenda uwanjani. Zamda akanitazama nilivyosogea kukaa kwenye kiti cha akiba, kama nilivyozoea. Akasema, "Hapana. Miaka yote ukifika hapa unajikalia kama sisi. Hata kwenda bombani unasukuma kiti, na miguu ya kukufikisha unayo. Sisi tunaona, ila tulikustahi. Simama."

Nikasema, "Zamda, mama, mguu unauma."

"Uume. Simama."

Nikasimama. Nimecheza uwanja ule tangu wengine wakiwa watoto, sijawahi kuuona kutoka juu. Mdogo, Dada! Mdogo kama sebule. Akaniambia nitembee kutoka goli hadi goli. Nikachechemea, soli nene inalia kwenye maji, tap, tap. Katikati nilitaka kufanya kichekesho, mdomo ukakataa. Nilipofika mwisho, Isidori akasema, "Kumbe ni mrefu, huyu bwana." Zamda akanirushia mpira, ukanigonga kifuani. "Wiki hii utaokota mipira na kujaza upepo. Ukifanya hivyo bila kujisifu, wiki ijayo tutakusikiliza." Allen akasema kwamba bila kujisifu ni adhabu kubwa mno, wanipunguzie.

Niliokota mipira hadi kiuno kikakataa. Nilimwonyesha Allen jinsi ya kuegemea gurudumu moja anapozuia, akashika mara ya pili tu. Ana mikono huyo kijana. Nilimweka benchi miaka mitatu mtu mwenye mikono ile.

Sasa yangu. Wewe umetoa la miaka thelathini na sita, nami ninalo la miezi minne.

Hakuna viti sita vilivyokuja Kariakoo. Hakuna mtu aliyenipigia magoti. Sikuacha kwa hiari, na barua ya Januari nilipoiandika nilikuwa nimeshatolewa wiki tatu. Mimi ndiye niliyekwenda kuwaomba wanipe ukocha, mara tatu, na mara mbili walinifukuza. Hiyo ya tatu ndiyo ya jana, na kocha bado si mimi.

Nilikudanganya, Dada.

Polycarp